Mashine inawaka vizuri. Kwa nini ipimwe tena kabla haijatoka karakanani?

Swali. Msomaji mmoja wa Singida ameandika hivi: "Mimi na vijana wangu wanne tunaunda mashine za kutotolesha vifaranga, za mayai 264 na za mayai 528. Hita, feni, kidhibiti joto, swichi na waya wa plagi vyote nanunua vipya na vyenye alama ya ubora. Kila mashine naiwasha siku mbili mpaka itulie kwenye nyuzi 37.5. Sasa kuna mradi wa wafugaji unaotaka mashine 30, lakini kila moja iambatane na karatasi ya upimaji wa mwisho wa usalama wa umeme. Naona ni kunisumbua tu. Kama vipuri ni vizima na mashine inafanya kazi, kipimo hicho kinapima nini tena? Na zile nilizokwisha kuuza nizifanyeje?"

Jibu. Ndugu yangu, nianze na jaribio ambalo unaweza kulifanya kichwani bila kushika bisibisi. Chukua mashine yako iliyo nzima kabisa, ifungue mgongoni, ukate ule waya wa kijani wenye mstari wa njano unaotoka kwenye plagi na kufungwa kwenye bati la mwili, kisha urudishe kifuniko na kuiwasha. Hita itapata moto, feni itazunguka, kidhibiti kitasoma nyuzi 37.5, na siku ya 21 vifaranga watatoka kama kawaida. Waweza kuitumia mashine hiyo miaka kumi na isikupe dalili hata moja kwamba kuna kitu kimekosekana, kwa sababu waya huo, ndio waya wa ethi, hauna kazi yoyote katika kutotolesha mayai. Kazi yake huanza siku ambayo waya wa moto umegusa bati, na siku hiyo mtu wa kwanza kujua kwamba ethi haipo ni yule aliyeshika mlango.

Vihami navyo vina tabia hiyohiyo. Mpira unaofunika waya, plastiki inayoshika vichwa vya swichi, ule unga mweupe ulioshindiliwa ndani ya bomba la hita, vyote vinaweza kuwa vimechanika au vimelowa, na mashine ikaendelea kuwaka bila kulalamika. Kwa hiyo siku zako mbili za majaribio, ambazo nazisifu kwa upande wa joto, zinapima njia ambazo umeme unapita. Hazigusi kabisa sehemu zilizowekwa ili umeme usipite. Kipimo cha mwisho cha usalama kinaziendea hizo za pili na kuzilazimisha zijibu kabla hazijahitajika.

Hoja yako ya vipuri vyenye alama ina uzito, ila ina mpaka wake. Alama iliyo kwenye hita inathibitisha kwamba hita ya aina ile, kama ilivyotoka kiwandani kwake, ilikidhi kiwango. Haikuwapo wakati kijana wako anatoboa bati na kuacha ukingo wa tundu ukiwa mkali kama wembe, wala wakati anavuta waya kupitia tundu hilo bila kuweka mpira wa kulilinda, wala alipokaza nati ya ethi juu ya rangi ambayo haikupigwa msasa. Kasoro nyingi za usalama huzaliwa palepale kwenye kuunganisha, ambako vipuri vizima hukutana na mikono ya watu, tena mikono iliyochoka saa kumi na moja jioni huku mteja anasubiri nje na gari.

Nitakueleza kisa nilichokishuhudia mezani kwangu. Kabati la kutotolesha, linalofanana sana na hayo unayoyaeleza, lililetwa likiwa limewashwa siku tatu mfululizo bila tatizo. Ethi yake ilisoma vizuri. Tulipoweka umeme wa kupimia kati ya nyaya za plagi na bati, na kuupandisha polepole kuelekea volti 1,000, kifaa cha kupimia kilikata umeme kabla ya kufika 700. Tukatoa trei, tukang'oa bamba la feni, tukaona kilichotokea: fundi alikuwa ameishiwa skrubu fupi akatumia ndefu, na ncha yake ilipenya mpira wa waya wa moto uliopita nyuma ya bamba, ikabaki umbali wa unywele kutoka kwenye shaba. Unywele huo mmoja wa hewa ndio uliokuwa ukilitenga bati na umeme wa nyumba. Feni ingelitetemesha bamba hilo usiku na mchana, na mvuke wa trei ya maji ungefanya yaliyobaki.

Hapa wengi huuliza: mashine itatumia volti 230, kwa nini ipimwe kwa volti 1,000? Sababu ya kwanza ni kwamba volti 230 ni aina ya wastani tu. Umeme wa aina yetu hupanda na kushuka, na kilele chake ni kama volti 325, kinachofikiwa mara 100 kwa kila sekunde. Sababu ya pili ni kwamba laini za umeme, hasa zile ndefu zinazokwenda vijijini, hupitisha mishtuko mifupi inayozidi kiwango hicho mara kadhaa, radi inapopiga jirani au umeme unaporudi baada ya kukatika. Sababu ya tatu, ambayo kwa karakana kama yako ndiyo kubwa, ni hiyo ya unywele: volti 325 haziwezi kuruka pengo la hewa safi hata likiwa jembamba sana, kwa hiyo kipimo chochote kinachofanywa kwa umeme wa kawaida kitaliona pengo la sehemu moja ya kumi ya milimita kuwa sawa na pengo la milimita nne. Volti 1,000, ambazo kilele chake kinapita 1,400, hulitambua la kwanza papo hapo na kuliacha la pili. Kwa mashine yenye mwili wa bati na ethi, kama yako, kipimo hiki cha mwisho kinafanywa kwa sekunde moja tu, na kifaa huwa kimewekwa kikate mkondo ukizidi miliampea chache.

Hata hivyo kipimo hicho hakipaswi kutangulia. Linalotangulia ni macho: kifuniko kikiwa bado wazi, mtu ambaye hakuiunganisha mashine aitazame, avute kila waya kwa vidole, aangalie rangi za nyaya na fyuzi ya kwenye plagi. Kinachofuata ni ethi, na mpangilio huu una sababu ambayo wanaoanza huwa hawaioni. Kipimo cha volti 1,000 huwekwa kati ya pini mbili za umeme, zikiwa zimeunganishwa pamoja, na ile pini ya tatu ya ethi. Kama waya wa ethi umekatika ndani, pini hiyo ya tatu haijui lolote kuhusu bati. Waya wa moto unaweza kuwa umelilalia bati kabisa, na kifaa bado kikaandika kwamba mashine imefaulu. Ethi ikithibitishwa kwanza, ndipo jibu la kipimo cha pili linapokuwa na maana.

Na ethi haithibitishwi kwa mlio wa mita ya mkononi. Mita hiyo hupitisha mkondo mdogo mno, na nyingi hulia hata penye ukinzani, yaani kizuizi cha umeme, wa omu 20, ambao kwa waya wa ethi ni sawa na kutokuwa na ethi. Mguso mdogo kupitia mkwaruzo wa rangi utapitisha miliampea bila taabu na mita italia kwa furaha. Siku ya hitilafu halisi, mguso uleule utaungua kabla fyuzi haijakatika. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa, nitakachokitaja mbele, kinataka upitishe angalau ampea 10, kutoka kwenye chanzo kisichozidi volti 12 ili mpimaji mwenyewe asidhurike, kati ya pini ya ethi na kila sehemu ya chuma inayoguswa, na ukinzani usizidi omu 0.2 kwa mashine yenye waya wa plagi. Usisahau mlango. Mwili unaweza kusoma vizuri huku mlango, ambao umeshikwa na bawaba zilizopakwa rangi, hauna ethi kabisa, na mlango ndio unaoshikwa kila siku. Wakati unapima, pindapinda waya pale unapoingilia kwenye mwili na utazame kama namba inayumba.

Nimesema mlango ndio unaoshikwa kila siku, na hapo nataka ukae kidogo na picha ya mnunuzi wako. Ni mtu anayefungua mashine hiyo asubuhi na jioni, anaongeza maji kwenye trei, pengine mikono yake imelowa, na yuko peku au ana kandambili kwenye sakafu ya udongo. Mwili wa mtu aliyelowa huweza kuwa na ukinzani wa kama omu 1,000. Ukigawanya volti 230 kwa hizo unapata miliampea 230. Mtu huanza kuhisi umeme kwenye nusu miliampea. Ukikaribia miliampea 10 misuli hujikaza na wengi hawawezi kuachia walichokishika. Na zile swichi za kulinda watu dhidi ya umeme unaovuja huwekwa zikate kwenye miliampea 30, kwa sababu juu ya hapo moyo huingia hatarini kadiri sekunde zinavyopita. Nyumba nyingi za wateja wako hazina swichi hizo, na katika baadhi yake hata tundu la tatu la soketi halijaunganishwa na kitu chochote. Kwao kihami ulichokifunga wewe ndicho kinga pekee iliyobaki.

Mashine za kutotolesha zina ugumu wake pia, unaozitofautisha na redio au chaja. Ndani yake mna joto la nyuzi 37 na unyevu ambao siku tatu za mwisho unapandishwa kwa makusudi, halafu vifaranga wakianguliwa hewa inajaa manyoya laini na vumbi la maganda. Vumbi likikaa juu ya vichwa vya waya na kulowa, huwa njia ya umeme. Kwa sababu hii nakushauri, pamoja na vipimo hivyo viwili, upime ukinzani wa kihami kwa kile kifaa ambacho mafundi wa kufunga umeme majumbani hukiita mega, kikiwa kwenye volti 500 za umeme mnyoofu, ule wa aina ya betri. Mashine mpya na kavu inapaswa kusoma makumi au mamia ya megaomu, yaani mamilioni ya omu. Ikisoma chini ya megaomu 2 usiitoe. Ukikuta namba ndogo, kabla hujalaumu uunganishaji, ichunguze hita. Ule unga ulio ndani ya bomba la hita hunyonya unyevu wa hewa ukikaa stoo miezi mingi, hasa kama ncha zake hazikuzibwa vizuri, na hita ya namna hiyo mara nyingi hurudi katika hali yake ikikaushwa kwa saa kadhaa. Nimeona watu wakitupa hita nzima, na nimeona wengine, jambo lililo baya zaidi, wakipandisha kiwango cha kukatia cha kifaa ili mashine ifaulu.

Kuna kipimo cha nne, cha mkondo unaovuja mashine ikiwa inafanya kazi, nacho kwako si kigumu. Kila kifaa cha elektroniki chenye kichuja umeme huvujisha kidogo kuelekea ethi kupitia kapasita zake. Kapasita moja ya nanofaradi 2.2 kwenye volti 230 huvujisha kama miliampea 0.16. Ndiyo sababu ya ule mwasho ambao watu huusikia kwenye kompyuta mpakato zenye mwili wa chuma zikiwa kwenye chaja ya pini mbili, na ambao nimeulizwa mara nyingi kuliko swali lingine lolote. Mpaka uliowekwa kwa vifaa vya kubebeka vyenye ethi ni miliampea 0.75. Kidhibiti chako na feni vikiwa vya kawaida hutaufikia. Ukiufikia, kuna kitu kimelowa au kimefungwa vibaya.

Sasa, je, haitoshi kupeleka mashine moja ikapimwe na maabara, kisha nyingine 29 zifuate mfano wake? Kupeleka moja ni lazima, lakini kazi yake ni nyingine. Maabara hupima muundo: hupima kwa dakika nzima badala ya sekunde, huzuia feni kwa makusudi, huacha kidhibiti kishindwe ili waone joto litafika wapi, huilowesha, na mara nyingi mashine hiyo haiuziki tena. Ikifaulu, imethibitika kwamba mashine ikiundwa hivi itakuwa salama. Kama mashine yako namba 17, tuseme, iliundwa hivyo kweli, maabara haiwezi kujua, kwani haikuiona. Huenda vijana wako walibadilisha duka la skrubu kati ya namba 16 na 17, na hakuna mchoro unaoonyesha hilo. Kwa upande wa Tanzania, Shirika la Viwango, TBS, ambalo asili yake ni sheria ya mwaka 1975, ndilo la kuendea kwa suala la muundo na alama. Kiwango cha kimataifa kinachohusu vifaa vya nyumbani ni IEC 60335-1, na kina sehemu yake maalumu, 60335-2-71, ya vifaa vya joto vya kuzalishia na kulelea wanyama, ambamo mashine za kutotolesha zimetajwa pamoja na kitu ambacho tafsiri yake ya moja kwa moja ni "kuku wa umeme wa kuatamia". Kiombe ukisome, kinahusu kazi yako kuliko unavyodhani.

Yapo mambo machache ya utendaji ambayo yakikosewa hufanya upimaji wote kuwa mchezo wa kuigiza. Swichi ya mashine iwe imewashwa wakati wa volti 1,000, kwani kama ni ya kukata nyaya zote mbili na ipo kwenye kuzima, utakuwa umepima waya wa plagi tu na kila kilicho ndani hakijaguswa. Kama ulifunga kinga ya radi kati ya waya wa moto na ethi, itapitisha mkondo na kukudanganya kwamba kihami kimeshindwa. Izungumzie na maabara mapema. Mashine ikifeli, ikafunguliwa na kurekebishwa, irudie vipimo vyote tangu mwanzo, hata kama kilichorekebishwa ni nati moja, maana kufungua ndiko kunakobana nyaya. Jaribio la kuwasha na joto lifanywe baada ya vipimo vya usalama, ili pia lionyeshe kwamba volti 1,000 hazikuumiza kidhibiti. Na asubuhi kabla ya kazi, kipime kifaa chenyewe kwa sanduku dogo ulilolitengeneza likiwa na kosa la makusudi ndani. Kifaa kisipokata, kazi ya siku hiyo haianzi.

Mpimaji awe mmoja au wawili waliofundishwa, si kila anayepita. Volti 1,000 ni volti 1,000. Meza iwe ya mbao au plastiki, ipewe kona yake, iwekewe uzio hata kama ni wa kamba, na mtu asiguse mashine mpaka kifaa kimezimwa na umeme uliobaki umetolewa. Watoto wa jirani wanaopenda kuja kutazama vifaranga wasiingie siku ya kupima.

Kuhusu karatasi yenyewe, andika namba ya mashine, tarehe, jina la aliyepima na namba halisi zilizosomwa. Usiandike "imefaulu" peke yake. Ukiwa na namba halisi utaona mambo ambayo neno hilo linayaficha. Ethi za mashine zako zikianza mwezi kwenye omu 0.06 na kuishia 0.13, zote zimefaulu, lakini koleo lako la kubania vichwa vya waya limechakaa, na umelijua hilo kabla mashine yoyote haijafeli. Siku mteja atakapodai kwamba ameuziwa mashine inayorusha watu, karatasi hiyo itaonyesha ilivyokuwa ilipotoka mikononi mwako. Usipokuwa nayo, ni neno lako dhidi ya lake.

Mashine 30 hazihitaji ununue kila kifaa kesho. Mega utaipata kwa fundi yeyote makini wa kufunga umeme, na kwayo utakamata sehemu ya makosa. Vifaa vinavyounganisha kipimo cha ethi na cha volti 1,000 katika sanduku moja vipo, na karakana mbili au tatu zinaweza kushirikiana kimoja. Ila mega ya volti 500 isichukuliwe kuwa mbadala wa volti 1,000, wala mlio wa mita kuwa mbadala wa ampea 10, na karatasi isiandike kipimo ambacho hakikufanyika.

Zile ulizokwisha kuuza ziitie kwa mafungu, au uwafuate wenyewe na vifaa ukiwa umevibeba. Wapigie simu leo wale walio kwenye sakafu ya udongo na wale waliofunga mashine kwenye soketi ya kuunga, waambie waichomoe kwanza kwenye soketi kila wanapotia maji, mpaka uwafikie. Kwenye kila mashine anza na mlango, kisha mwili, kisha uondoe bamba la feni na kutazama urefu wa skrubu zake.